Keni ya Kwanza

Bugomora, Kyerwa
19 Januari 2025

Mdogo wangu Nuwagaba,

Salamu kwako, kwa mkeo na kwa watoto. Sisi huku tunapumua. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa mkupuo, ikabeba daraja la kwenda malishoni, na sasa tumerudi kwenye vumbi. Binti yangu Ainembabazi amejifungua salama mtoto wa kike. Amechukua paji lako la uso, lakini tunamwombea akue limtoshe.

Usishangae kupata barua zama hizi. Tangu tugombane kwa simu siku ya Krismasi nimeona simu haitufai. Hapa kwangu nikipigiwa, wajukuu wanaweka spika na jirani anaitikia kabla yangu. Nawe ukiudhika unakata, halafu unasingizia mtandao. Karatasi utaisoma mpaka mwisho. Aristides dereva wa gari la maziwa amekubali kuwa posta wetu, maana kila siku anatoka kituoni kwangu kuja kiwandani kwako.

Ninalotaka kusema ni kuhusu ile mashine ya kupokelea maziwa. Umesema itaanzia hapa Bugomora kabla ya vituo vingine. Nimelifikiria, naona ingeanzia kwingine. Paa letu linavuja upande wa tangi. Umeme unakuja na kuondoka unavyotaka. Wafugaji nao wamezoea mkono wangu na laktomita yangu, kile kipimo cha kioo cha kupimia maziwa, na sijasikia mtu akilalamika. Halafu nina swali dogo. Ni lazima ilie? Nikuze, msichana anayenisaidia kupokea, ameiona kwenye simu. Anasema maziwa yakiwa mabaya inawasha taa nyekundu na kupiga kengele watu wote wasikie.

Baba yu mzima. Bado anafika wa kwanza kila asubuhi, kofia kichwani, keni ya maziwa imefungwa nyuma ya bodaboda. Anasimama mbele ya foleni kana kwamba kiwanda ni chake. Na kweli kilianza na maziwa yake.

Dada yako,
Kobugabe


Kiruruma, Karagwe
16 Februari 2025

Dada Kobugabe, shikamoo.

Barua yako ilikaa chini ya kiti cha Aristides pamoja na spana na mkungu wa ndizi mpaka juzi. Hongera kwa mjukuu. Mwambie Ainembabazi kwamba paji hili limenisomesha bure mpaka chuo, asilidharau.

Hapa wote wazima. Mke wangu Eugenia anakusalimu, anauliza lini utampa samli ile uliyomwahidi.

Kiwanda kinakua kuliko nilivyotarajia. Unakumbuka ile sufuria kubwa tuliyokuwa tunakoroga kwa mwiko huku tunalia moshi? Haipo tena. Maziwa yanaingia kwenye bomba, yanapashwa moto, yanapozwa, yanajazwa kwenye pakiti, na aliyesimama pale kazi yake ni kutazama skrini na kupiga miayo. Mabomba yanajiosha yenyewe. Mama angecheka mpaka akae chini. Wale waliokuwa wanafunga pakiti kwa moto wa mshumaa, baadhi nimewapa kazi nyingine, baadhi tumeagana vizuri. Usiniulize vizuri ni vipi.

Mashine inakuja Bugomora baada ya Pasaka. Paa litazibwa. Umeme ukikatika kuna betri. Fundi anaitwa Nolasco, kijana mpole, mpe chai. Kila mfugaji atakuwa na namba yake. Akimimina, mashine inanyonya kidogo, inapima mafuta, joto na maji, na jibu linafika kwangu hapa Kiruruma kabla hajafunga mfuniko. Ikiwa sawa, taa ya kijani na valvu inafunguka. Ikiwa si sawa, nyekundu na valvu inabaki imefungwa. Hakuna kubishana wala kuoneana haya.

Baba nimempa namba moja. Nilidhani atafurahi.

Mdogo wako,
Nuwagaba


Bugomora
9 Machi 2025

Nuwagaba mdogo wangu,

Tunaendelea vizuri. Ndama wangu mmoja aliumwa ugonjwa wa kupe akapona. Mtoto wa Ainembabazi amebatizwa Sperancia, jina la bibi yake mzaa baba, na upande wetu tumenyamaza kwa heshima. Samli ya Eugenia iko kwa Aristides. Isipofika, mtazameni yeye midomoni.

Hukujibu swali langu la kengele. Nimeona ulivyolizunguka. Kwa hiyo nitasema lile ambalo sikutaka kuliandika.

Unajua ninavyopokea maziwa hapa. Mtu akileta mabaya simwambii mbele ya wenzake. Naipokea keni, naiweka pembeni, naifunika kitambaa. Foleni ikiisha namwita tuzungumze habari za ng'ombe, na katikati ya habari hizo analielewa. Wengi hawarudii. Ndiyo maana kituo hiki hakina ugomvi.

Sasa, maziwa ya Baba yana maji. Si siku moja. Yalianza baada ya kumzika Mama, na mpaka leo ni vilevile, laktomita inazama kupita alama yake. Ng'ombe wake wamebaki wachache, idadi siitaji, unajua hapendi wahesabiwe. Nadhani anaona haya keni isipojaa, kwa hiyo anaijaza. Kila asubuhi naipokea, naifunika, naenda nayo nyumbani kugandisha mtindi wa watoto. Kwenye tangi natia ya ng'ombe wangu mahali pake. Hakuna anayejua, hata Nikuze nadhani hajui.

Ndiyo sababu siitaki mashine yako. Baba, Mzee Telesfori aliyetoa ng'ombe wake ili sisi tuanze, asimamishwe mbele ya foleni ya Bugomora na kengele imlilie kwamba ni mwizi. Hilo sitaliweza. Naomba ufanye kitu.

Kobugabe


Kiruruma
30 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Samli imefika, imepungua kidogo. Watoto wana mafua lakini wanaenda shule.

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Siwezi kumpa Baba mlango wake peke yake. Nikimpa, wiki ijayo kila mwenye jina atataka wake, na mashine itakuwa pambo. Mwezi uliopita shule moja ilinirudishia mtindi mwepesi, wamesema ukirudia hivyo watanunua kwingine. Huo mtindi ulitoka wapi sijui, na sisemi ni wa kituo chako. Nasema tu kwamba ndiyo maana naanzia huko.

Kuhusu kengele, imekuja hivyo kutoka kiwandani ilikotengenezwa.

La kufanya ni dogo. Zungumza na Baba. Wewe uko karibu, mimi nina mafundi hapa mchana kutwa. Mwambie aache kabla ya Pasaka, basi, yamekwisha.

Nuwagaba


Bugomora
6 Aprili 2025

Nuwagaba,

Wazima. Salamu kwa wenye mafua.

Unataka mimi, binti yake, nikamwambie baba yangu kwamba anatia maji kwenye maziwa. Nianzeje? Nimpigie magoti, nimwambie shikamoo, halafu nimwambie hilo? Wewe ndiye mwanamume. Maneno ya ng'ombe yako kati yenu. Panda gari la Aristides asubuhi moja, jioni utakuwa umerudi kwenye skrini zako.

Nakusubiri.

Kobugabe


Bugomora
4 Mei 2025

Nuwagaba,

Sperancia ameanza kucheka. Migomba imesimama vizuri. Pasaka tulikuwa wote isipokuwa wewe.

Hukuja, kwa hiyo nitakueleza ilivyokuwa.

Nolasco alifunga mashine, akanywa chai, akatufundisha. Ni mashine safi, sina la kusema. Asubuhi ya kwanza foleni ilikuwa ndefu, hata wasio na maziwa walikuja kutazama, na wachuuzi wawili waliokuwa wanaelekea Murongo walisimamisha pikipiki zao. Baba alifika wa kwanza. Alivaa koti. Alimwambia mwenzake aliyemfuata, "Hii ni ya mwanangu," akamimina mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Taa ikawa nyekundu, kengele ikalia. Inalia kwa nguvu, Nuwagaba, sijui kama umewahi kuisikia. Baba akauliza, "Inasema nini?" Watu wakatazama chini. Akaniuliza mimi, "Kobugabe, inasema nini?" Mimi nikashika kitambaa changu kana kwamba kuna kitu cha kufunika. Nikuze akasoma kwenye kioo kwa sauti ndogo, "Maji, Mzee."

Hakubisha. Alirudisha maziwa kwenye keni, akafunga mfuniko, akaukaza vizuri. Akashukuru, "Webale," akiiambia mashine, au Nikuze, sijui. Bodaboda wake alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo aliibeba begani mpaka barabarani. Watu walimpisha njia. Tangu siku hiyo hajaleta maziwa, hajaja kanisani, na nikimpigia Hagenimana anayemchungia ng'ombe, anasema Mzee amelala, hata saa sita mchana.

Nilimuuliza Nolasco kuhusu kengele. Amesema inazimwa kwa kugusa mahali pamoja kwenye kioo, na kwamba alikwambia hivyo tangu Januari.

Nimekukasirikia. Sikutafutii neno lingine.

Kobugabe


Kiruruma
1 Juni 2025

Dada Kobugabe, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Hapa tuko salama. Eugenia amefungua duka la mtindi Omurushaka na anauza kuliko wakala wangu, ananitambia mezani.

Kengele nimeagiza izimwe vituo vyote. Ni kweli nilijua inazimika. Nilitaka watu waogope kidogo, siku za mwanzo tu. Sikufikiri wa kwanza kuisikia atakuwa Baba, ingawa wewe uliniandikia, na nafasi yake kwenye foleni naijua.

Maziwa ya Bugomora yamekuwa mazuri. Shule ile imeongeza oda. Nakwambia kwa sababu ni kweli, si kwa kukuringia.

Lakini kuna jambo. Kila asubuhi nikifungua kompyuta, orodha ya Bugomora inaanza na namba moja. Mstari ni mtupu. Wa pili una lita, mafuta, joto, saa. Wa kwanza hauna kitu. Nolasco ameniuliza kama auondoe ili orodha ipendeze, nimemkatalia, na sikumwambia sababu.

Nimempa Aristides sukari, majani ya chai na buti za mvua, vyote vya Baba. Mwambie vimetoka kwako. Na ukiweza, bila kumwudhi, jua kwa nini alitia maji. Mimi naogopa kumuuliza. Nikimuuliza akanidanganya nitafanyaje?

Nuwagaba


Bugomora
29 Juni 2025

Nuwagaba mdogo wangu,

Sisi wazima, kiangazi kimeshika na nyasi zimekuwa za manjano mpaka mpakani. Buti nimemwambia zimetoka kwako. Sijui kudanganya wazee.

Nilimwachia Nikuze kituo, nikaenda kukaa kwa Baba. Sikumwambia nimefuata nini. Nilisema nimekuja kufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi, maana tangu Mama afariki havifukizwi ipasavyo. Alinitazama, akasema moto uko jikoni. Siku ya kwanza nilishinda jikoni nikifukiza. Maziwa anayanywa yeye na majirani, mengine yanaganda tu.

Kesho yake alfajiri nikasimama kwenye zizi na majani ya kufukizia mkononi. Si miaka michache tangu nimwone Baba akikamua, mimi asubuhi zote niko kituoni. Anakamua kwenye ekyanzi, kile chombo cha mti, kila ng'ombe na chake, kama zamani. Akamaliza wa kwanza, akamimina kwenye keni. Kisha akatia maji kwenye ekyanzi, akayazungusha, yakatoka meupe. Nikadhani atayaweka pembeni. Akayamimina kwenye keni.

Nikamwambia Baba, "Tata, hayo ni maji."

Akashangaa kweli. "Maji? Haya ni maziwa yaliyobaki chomboni. Unataka niyamwage chini?"

Unajua katika nyumba yetu maziwa hayamwagwi chini, hata ya kusuuzia. Nami nikawa kama mgeni, nikauliza zamani alikuwa anayafanya nini.

"Zamani mlikuwa mnayanywa ninyi," akasema. "Umesahau? Mlikuwa mnagombea chombo, wewe na Nuwagaba, mpaka mama yenu akawapangia zamu. Mlipoondoka akawa anayanywa yeye. Sasa nani ayanywe? Mimi ndiye ninayekamua, siwezi kunywa masuuzo ya mkono wangu. Hagenimana maziwa yanamsokota tumbo. Nikaona bora yaende kwenye kiwanda cha mwanangu, yasipotee."

Nilisimama pale na moshi wa majani ukiniingia machoni, nikashukuru kwamba kuna moshi.

Nilimuuliza basi ile siku ya taa nyekundu alifikiri nini. Alisema alifikiri umepata ng'ombe wa kisasa wenye maziwa mengi, na hawa wa pembe ndefu huwataki tena, ila umeona haya kumwambia, ukamtuma chuma kiseme.

Mashine yako haikukosea. Maji yalikuwamo, na ng'ombe wakiwa wachache masuuzo yanaonekana. Tuliokosea ni sisi. Mimi nilifunika keni yake kwa kitambaa zaidi ya mwaka mzima na sikuwahi kumuuliza neno moja, nikajiona nina heshima.

Asubuhi hiyo masuuzo niliyanywa mimi. Yana ladha ileile ya moshi. Siku nilizobaki pale, vyombo karibu vyote nimevinywa, na sketi yangu ya kanisani haifungi.

Amesema ataleta maziwa. Lakini chombo cha ng'ombe mwekundu hakunipa. Anasema zamu hiyo ilikuwa yako.

Kobugabe


Kiruruma
8 Julai 2025

Dada, shikamoo.

Barua nimeisomea ndani ya gari, Aristides akisubiri majibu na injini inaunguruma.

Mwambie Baba Jumapili asikimimine chombo cha mwekundu. Nakuja.

Nuwagaba


Bugomora
10 Agosti 2025

Mdogo wangu Nuwagaba,

Salamu nyingi. Sperancia ana meno. Paa lililozibwa limeanza kuvuja upande wa pili, mwambie fundi wako. Asubuhi sasa napitia kwa Baba kabla ya kituo, nakunywa masuuzo ya siku, ila ya mwekundu Jumapili ni zamu yako, na Nikuze anafungua milango. Keni ya Baba ni ndogo kuliko zamani, haijai, na hajali. Wa kwanza kwenye foleni, taa ya kijani, valvu inafunguka, anawageukia watu kana kwamba yeye ndiye aliyeifungua.

Tulifurahi ulipokuja. Wewe hukujiona, mtu mzima na saa yako ya mkononi, umechuchumaa kwenye kinyesi cha ng'ombe, chombo umekishika kwa mikono miwili. Jioni Baba alimsimulia Hagenimana yote, hata ulivyomweleza kwamba kila taa unaiona huko Kiruruma, ingawa Hagenimana alikuwepo. Jumapili iliyofuata ulikuja tena. Ya baada ya hapo pia.

Jumapili iliyopita hukuja. Nilipata ujumbe wako kuhusu wakaguzi, na nilimweleza. Akasema kazi ni kazi. Alimkamua mwekundu mwisho kabisa, akasuuza, akakaa kwenye jiwe na chombo mapajani akitazama barabara. Aristides alipita, hukuwemo. Nikamwambia, "Tata, nipe mimi, ninywe." Akasema, "Hiki si chako."

Akakimimina kwenye keni. Kisha akachota maji mengine, akasuuza tena, akamimina tena. Hapo sikuingilia.

Kituoni alisimama wa kwanza kama kawaida. Taa ikawa nyekundu, kimya, bila kengele. Foleni ikainamisha vichwa, wakidhani ni yaleyale. Baba akaitazama taa kwa makini. Kisha akamwinamia Nikuze akamuuliza taratibu, "Imefika Kiruruma?"

Nikuze akatazama kioo. "Imefika, Mzee."

"Webale," akasema, akafunga keni yake akanipa nigandishe mtindi.

Dada yako,
Kobugabe